Kumbikumbi, Gorila na Kopo Lisilorudi Tupu

Wenzangu wa kwaya, tangu nirudi mmekuwa mkinivizia mlangoni mwa kanisa mmoja mmoja, na kila mmoja ameondoka na kipande chake cha habari. Mama Mapendo amesikia kwamba nilishikwa kwenye kizuizi na dawa za kienyeji. Wale wa sauti ya besi wanasema inspekta alikula mtihani. Basi naandika mara moja, msome wote, kisha mniache niimbe kwa amani.

Kwanza mjue kilichonitoa nyumbani. Shule yetu ya Bagira ina option ya biochimie, mchepuo wa biolojia na kemia, na darasa lenyewe lina wasichana sita tu. Inspekta alituma neno kwamba atakuja Jumatatu kusikiliza somo moja. Likimridhisha, biochimie inabaki. Lisipomridhisha, inafungwa, na wasichana wangu wahamie option nyingine au watafute shule mjini. Wengine wangeweza kwenda mjini. Furaha asingeweza. Mama yake anauza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni, nyumbani wako wengi, na Furaha amesema atakuwa daktari tangu alipokuwa hajui kuliandika neno lenyewe. Siku niliyowapa habari hakulia. Aliuliza tu, "Madame, somo iko juu ya nini?"

Somo lilichaguliwa na inspekta mwenyewe: linganisha mdudu mmoja na mnyama mmoja wa jamii ya nyani, kwa uainishaji wao, makazi yao na uhifadhi wao. Chini yake alipiga mstari mara mbili: na vitu vya kweli, si michoro ya vitabuni.

Mkuu wetu wa shule alisoma akacheka. "Madame Noëlla, mududu si kitu ya kukosa. Kamata nzi."

Mnanijua hasira zangu. Nzi! Nimpokee mtu mwenye kalamu tatu mfukoni kwa nzi? Nilimwambia mbele ya walimu wote kwamba mdudu wangu nitamfuata Luvungi, mvua zimeanza, kumbikumbi wanatoka, na gorila nitamfuata msituni Kahuzi. Nilipokwisha kusema nilitamani kuyarudisha maneno, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Alhamisi asubuhi nilikuwa barabarani.

Ngomo

Nilipata nafasi mbele, kwenye Fuso ya papa Bisimwa, aliyekuwa anashuka uwanda wa Ruzizi kuchukua mchele. Mapajani nilikuwa nimeshika kopo la plastiki, lile kubwa la mayonezi, ambalo nilikuwa nimelitoboa mfuniko kwa msumari na kulibandika karatasi: KUMBIKUMBI. MATÉRIEL DIDACTIQUE, yaani zana za kufundishia. Tulipita Nyangezi vizuri, tukaanza kuteremka kona za Ngomo, na kwenye kona ya tatu tukakuta lori la nyanya limevunjika ekseli, limelala katikati ya njia kama liko kwake.

Tulikaa pale saa nne. Ndani ya saa moja palikuwa pamekuwa soko. Akina mama walitoka sijui wapi na mahindi ya kuchemsha na ndizi za kuchoma, na mwenye nyanya, kwa kuwa zilikuwa zinaharibika, akaanza kuzigawa. Nilikula nyanya na ndizi moto mpaka vidole vikanata. Sikuwahi kula chakula kitamu hivyo kwenye hatari ya poromoko.

Papa Bisimwa alisoma karatasi ya kopo, akataka kujua. Nikamweleza safari.

"Sasa gorille," akasema, "iko mutu ao iko nyama?"

Nikamfundisha palepale. Himaya ni moja, ya wanyama, wote wawili wamo. Baada ya hapo njia zinaachana. Kumbikumbi hana uti wa mgongo, ana miguu sita, mwili wake una sehemu tatu, anaingia ngeli ya wadudu. Gorila ananyonyesha, ni mamalia, na oda yake ni ile ile yetu: kidole gumba, kucha bapa, macho yanayotazama mbele. Watu wakatuzunguka. Mama mmoja alitazama kidole gumba chake kwa muda mrefu.

"Na ule chauffeur mwenye kufunga barabara," aliuliza papa Bisimwa kwa sauti ya kusikika, "yeye iko ordre gani?"

Tulicheka wote, hata dereva wa nyanya, na baada ya kicheko hicho ndipo wanaume walipokubali kusukuma.

Luvungi

Wifi yangu Riziki, mke wa kaka yangu, ana vichuguu viwili nyuma ya shamba la mihogo. Ninasema anavyo kwa sababu kwao kichuguu kina mwenyewe. Aliachiwa na mama yake, na hakuna jirani anayethubutu kuweka mkono pale. Ijumaa mvua ilinyesha asubuhi, jua likatoka, na Riziki akaniambia nivae viatu vya kuchafuka.

Tulifunika kichuguu kwa majani ya mgomba na blanketi kuukuu, tukaacha tundu moja linaloangalia shimo. Kisha watoto na wanawake wakakaa kuzunguka na vijiti, wakaanza kugonga ardhi polepole, tak-tak-tak, ili walioko chini wadhani mvua inarudi. Niligonga nami. Kwa muda hakuna kitu, nikaanza kumfikiria nzi wa mkuu wa shule. Halafu tundu likachemka. Walitoka kwa mamia, mabawa yanang'aa, wakaanguka shimoni, wakaingia kwenye kitambaa changu cha kichwa, wakaingia kwenye nguo, na mimi mwalimu mwenye diploma nikapiga kelele kama mtoto.

Nikiwa na furaha hiyo nilifanya kosa la kufundisha. Nilimwambia Riziki kwamba kumbikumbi na mende ni oda moja, ni ndugu.

Mkono wake uliokuwa unaelekea mdomoni ulisimama. "Mende? Mimi banipe mende nikule?"

"Ni ndugu tu, wifi."

"Basi na wewe gorille ni ndugu yako, ulisema. Twende sasa, kila mutu na famille yake." Akatia mdomoni, akatafuna akinitazama.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Niliona kopo langu limejaa, nikaingiwa na tamaa. Chini kabisa ya kichuguu yuko mama yao, mnene kama kidole, anayetaga usiku na mchana. Nilifikiria uso wa inspekta nikimwekea yule mezani. Nikaomba jembe.

Riziki hakucheka safari hii. "Noëlla, hapana. Ukimutoa mama, iyi nyumba inakufa. Mwaka kesho batoto bangu bakule nini? Niweke inspekta yako pale juu ya kichuguu, nigonge, atoke?"

Niliona aibu ya kweli. Nilikuwa nimetoka mjini na neno uhifadhi kwenye daftari, na mtu aliyekuwa akiufanya alikuwa amesimama mbele yangu na blanketi begani. Nilimwomba msamaha. Akanipa udongo wenye unyevu wa kuwawekea wale wa kopo, na jioni tukala kumbikumbi kwa bugali ya muhogo, na mende hakutajwa.

Kupanda tena

Jumamosi alfajiri nilipata gari la kupanda. Kabla ya Ngomo kuna kizuizi, kamba iliyofungwa njiani, na kijana wa kamba aliona kopo lenye matundu.

"Maman, nini iko ndani? Inatembea."

"Matériel didactique," nikajibu kwa heshima yote ya kazi yangu.

Akaniteremsha. Akaita mwenzake. Mwenzake akasoma karatasi herufi kwa herufi, akatikisa kopo, akasema hajawahi kuona dawa ya aina hiyo. Watu wa gari walianza kunitazama vibaya. Ilibidi nifungue. Kumbikumbi mmoja akapanda kwenye kidole chake.

"Sasa si useme ni kumbikumbi!" Akacheka mpaka akashika tumbo. "Ile didactique, munaitiaka chumvi?"

Alikula wawili, akalegeza kamba. Mama Mapendo, hiyo ndiyo dawa yangu ya kienyeji.

Kavumu hadi ukingoni mwa msitu

Sikuingia nyumbani. Bukavu nilibadili gari tu, nikaenda Kavumu, na pale nikapanda pikipiki kuelekea kwa tonton Déo, mjomba kwa heshima tu, rafiki wa marehemu baba, aliyefuata nyayo za gorila msituni tangu ujana wake mpaka goti lilipomkatalia. Anakaa juu, mashamba ya chai yanapokaribia kuisha na baridi inapoanza. Mvua ilitushika njiani. Tulianguka mara mbili, taratibu, kwenye tope, na mara zote mbili kopo niliinua juu kama padre anavyoinua kikombe.

Nilifika nimevaa tope. Mke wake, mama Nsimire, alitoka mbio, akanikumbatia hivyohivyo, akanipokea kopo mikononi, akasema, "Aksanti mutoto yangu, aksanti sana!" Akanionyesha maji ya moto ya kuoga. Nilisikia aksanti, nikadhani ni ya kufika salama. Mnajua mila yetu, na mimi naijua, sijui akili yangu ilikuwa wapi: mgeni hafiki mikono mitupu, na anachofika nacho mkononi ni cha nyumba.

Nilioga. Nikakaa na tonton karibu na moto, akaniletea daftari zake. Ndani yake hapakuwa na habari nyingi. Palikuwa na pua. Ukurasa baada ya ukurasa wa pua za gorila, kwa kalamu ya risasi, kila moja na jina lake.

"Alama ya vidole ya mutu haifanane na ya mwengine," alisema. "Kwa gorille, angalia mikunjo ya pua. Nilikuwa natafuta famille kila asubuhi, nahesabu pua, kisha naita mu radio. Bakubwa banauliza: Déo, habari? Mimi najibu: Bako wote. Kama siwezi kusema bako wote, siku ile chakula haipite."

Nilikuwa bado naziangalia zile pua wakati mama Nsimire alipoingia na chakula. Bugali. Mboga za lenga-lenga. Na sahani kubwa, inanukia, ya kumbikumbi wa kukaanga.

Nilitazama sahani. Nilitazama mlango. Kopo langu lilikuwa limesimama pale uani, tupu, limeoshwa, linakauka.

Ningemlaumuje? Mama yule alikuwa amewapepeta, amewatia chumvi na pilipili kidogo, uso wake unang'aa kwa kuletewa kitu cha uwandani ambacho kwao baridi haiwapi kwa wingi. Nikanawa mikono, nikala. Walikuwa watamu, na kila nilipotafuna nilimwona Furaha. Nilipofika tonge la tatu machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

"Kula, mwanangu," alisema tonton. "Hata gorille anakulaka siafu. Anatia mukono ndani ya nyumba yao, analamba, anakimbia kwa sababu zinamuuma."

Jumapili

Baada ya misa tonton alinitembeza mpaka mwisho wa mashamba ya chai, pale msitu unaposimama kama ukuta. Hatukuingia. Alisema humo hairuhusiwi kutoa hata jani, na goti lake lisingemrudisha. Nilimuuliza nitafundishaje mnyama ambaye sijamwona, na mdudu ambaye nimemla. Nikamweleza yote. Alifunga macho, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani ni huzuni, kumbe ni kicheko. Kisha akaniinulia kidole ninyamaze.

Mbali ndani ya msitu, pok-pok-pok-pok. Mara moja, halafu kimya, halafu tena. Gorila mzima wa kule alikuwa akijipiga kifua. Vinyweleo vya mikono vilinisimama. Nimezaliwa Bukavu, nimefundisha gorila miaka, na siku ile ndiyo nilimsikia mara ya kwanza. Nilifurahi mpaka nikamshika tonton mkono bila kutambua.

Akakaa kwenye jiwe, akaomba karatasi, akachora kutoka kichwani pua moja, mkunjo kwa mkunjo, bila kufuta. Chini akaandika: Mwezi. "Iyi ni mwanamuke. Nilimuona ananyonya, nikamuona ananyonyesha. Mupelekee inspekta. Iyi haikutoka mu pori, imetoka mu kichwa yangu."

Nilitaka kushuka jioni ile, lakini mvua ikarudi na hakuna pikipiki iliyokubali. Jumatatu kabla ya jua mama Nsimire alinitilia kopo mkononi, limefungwa ndani ya kitenge, zito. Nikadhani ni mashanza, ile jibini yao laini, nikashukuru, nikakimbia.

Bagira

Nilifika na inspekta tayari amekaa nyuma ya darasa, kalamu tatu mfukoni. Wasichana sita mbele, wima kama mishumaa. Viatu vyangu vilikuwa na tope la wilaya mbili. Niliweka kitenge mezani, nikatundika pua ya Mwezi ubaoni, nikaanza na gorila ili nipate muda. Ndiyo, nilikuwa naangalia dirishani kama kuna nzi.

Inspekta akainuka, akakifungua kile kitenge kwa ncha ya kalamu. Karatasi yangu ilikuwa bado imebandikwa.

"Hapa imeandikwa kumbikumbi, Madame. Fungua."

"Inspekta, ndani kuna jibini."

"Fungua."

Nikafungua. Hayakuwa mashanza. Walikuwa kumbikumbi, nusu kopo, wa kukaanga, wamewekwa juu ya jani la mgomba. Mama Nsimire alikuwa amewagawa tangu Jumamosi na kuniwekea fungu langu, kwa sababu chombo cha mgeni hakirudi tupu. Harufu ya pilipili ikajaa darasa.

Furaha ndiye aliyeinuka. Alichagua mmoja ambaye kikaango kilimwachia viungo vyote, akamweka juu ya karatasi nyeupe mbele ya inspekta. "Kichwa, kifua, tumbo," alisema. "Miguu, tuhesabu pamoja." Wakahesabu sita, inspekta naye midomo ikicheza.

"Na mabawa?"

"Anayaangushaka yeye mwenyewe akipata mahali pa kujenga," alijibu Furaha. Kisha akanisogelea, akachomoa kitu kwenye kitambaa changu cha kichwa. Bawa la Luvungi, zima, lilikuwa limesafiri nami siku tatu. Akaliweka kando ya mwili.

Makazi yakafuata: udongo wa uwanda na vichuguu vyenye wenyewe upande mmoja, msitu wa baridi wa milimani upande mwingine. Nilisimulia vijiti, nilisimulia pok-pok. Inspekta aliandika. Halafu, bila kuinua macho, mkono wake ukaenda kwenye kopo, na mdudu wa mfano akaingia mdomoni. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Swali la mwisho," alisema akiwa bado anatafuna, "na ajibu mwanafunzi. Uyu tunakula. Ule tunalinda. Juu ya nini? Wote si wanyama?"

Furaha alitazama ubao kidogo. "Inspekta, kichuguu ikibakia na mama yake, mwaka kesho batatoka tena elfu na elfu, utakula na utashiba. Mwezi anazaa mutoto moja, anamubeba myaka tatu, ine. Na akikufa, iyi pua haitazaliwa tena. Mu dunia yote iko moja."

Nilimtolea mtoto yule shukrani nyingi kimoyomoyo kuliko nilivyowahi kumtolea mtu. Inspekta alifunga kalamu. Alichukua wengine watano, akawafunga ndani ya leso, akasema, "Madame, biochimie inaendelea." Wasichana walipiga vigelegele mpaka mkuu wa shule akaja mbio akidhani kuna moto, naye akapewa kumbikumbi. Hakutaja nzi.

Likabaki kopo. Lilikuwa limetoka kwa mama Nsimire na zawadi ndani, na kwa mila ileile nilipaswa kulirudisha, tena si tupu. Niliwauliza wasichana. Furaha akaleta kioo cha mama yake, na kila mmoja akachora pua yake mwenyewe, kwa kalamu ya risasi, mikunjo yote, na jina chini. Tukazikunja, tukazitia kopo, na yule wa pikipiki wa Kavumu akalipandisha.

Alhamisi simu ililia nikiwa najiandaa kuja mazoezini kwenu. Ilikuwa sauti ya tonton Déo, na nyuma yake nilimsikia mama Nsimire anacheka.

"Noëlla," alisema, "nimefungua, nimebapanga yote juu ya meza." Akakaza sauti, kama mtu anayeshika redio. "Nimebahesabu. Bako wote."